Meno ya Nyuma Kwanza, Nondo Baadaye

Baiskeli mpya ya Phoenix au Avon ikitoka dukani Tarime mjini, kwa kawaida safari yake ya kwanza huishia kwa fundi. Hapo huongezewa sapoti za uma, keria ya nondo, tandiko lenye sponji na viakisi mwanga, na mwenyewe akipenda huning'iniziwa kipande cha raba chenye maandishi nyuma ya madigadi. Wapo wanaoyaona haya kuwa mapambo ya mtu aliyeuza mahindi akapata chenji. Ukiyachunguza moja moja utakuta mengi yana sababu ya kiufundi, na mafundi waliyafikia kwa kuona nini huvunjika na lini. Tatizo liko kwenye mpangilio. Kazi huanzia kwenye chuma, yaani kuifanya baiskeli ibebe zaidi, ilhali katika wilaya ya vilima kama Tarime ilipaswa kuanzia kwenye meno ya gia ya nyuma, ambayo ndiyo yanayoamua kama mzigo huo utapanda au utasukumwa.

Tuanze na baiskeli yenyewe. Umbo lake ni la Kiingereza, lile la Raleigh za Nottingham, ambalo baadaye viwanda vya China na India viliendelea kulitengeneza karibu bila kulibadili: magurudumu ya inchi 28, breki za fimbo, uma uliolala mbele, na desturi ya kuweka spoku 32 mbele na 40 nyuma. Ni rahisi kuicheka kwamba ni ya kizamani. Lakini tazama ng'ambo ya mpaka, Maasai Mara, ambako tangu 2021 hufanyika mashindano ya Migration Gravel Race kwenye njia za changarawe. Baiskeli za mbio za namna hiyo hufungwa tairi pana za milimita 40 hivi na kuendelea, kwa sababu tairi nyembamba hurushwarushwa na mawe na kumchosha mpandaji. Tairi ya 28 kwa moja na nusu iliyo kwenye Phoenix ina upana wa karibu milimita 40. Kwa upande wa tairi, basi, baiskeli ya mkulima wa Nyamwaga haiko nyuma hata kidogo. Inaachwa mbali kwenye gia: mshindani wa Maasai Mara ana gia nyepesi ya kupandia mlima, mkulima ana gia moja tu, na mara nyingi iliyochaguliwa kwa ajili ya tambarare.

Hesabu inaonyesha uzito wa jambo hili. Chukua baiskeli yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Gurudumu lake likizunguka mara moja husogea mita 2.2 hivi, kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedeli huisogeza baiskeli karibu mita 5.4. Mpandaji awe na kilo 65, baiskeli 20, mzigo 45. Jumla kilo 130. Mweke kwenye mwinuko wa asilimia tano, barabara ya vumbi, mkono wa pedeli ukiwa na sentimita 17. Ili aendelee kupanda kwa kusimama juu ya pedeli bila kuvuta usukani, anahitaji uzito wa mwili wa kilo 73 hivi. Yeye ana 65, kwa hiyo atashuka asukume. Sasa badilisha gia ya nyuma tu, weka yenye meno 22. Mzunguko wa pedeli unakuwa mita 4.4, na uzito unaohitajika unashuka hadi kilo 60 hivi. Mtu yule yule, na mzigo ule ule, anapanda. Gharama yake ni gia moja na pingili chache za mnyororo. Kwenye tambarare, akikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, atapoteza mwendo kutoka kilomita 19 na kitu hadi 16 kwa saa. Kwa mtu anayepeleka ndizi mnadani, tofauti hiyo ni dakika chache. Kusukuma kilo 65 za chuma na ndizi kilima kizima ni jambo jingine kabisa.

Hii haina maana kwamba kazi ya chuma ni bure. Keria ya kiwandani hukaa juu ya vijiti vyembamba, na mzigo unapotikisika huipinda upande. Fundi mzuri hutengeneza keria ambayo miguu yake inashuka hadi kwenye eksli na kufungwa kwa nati, ili uzito uende moja kwa moja kwenye gurudumu badala ya kuning'inia kwenye fremu. Pia huepuka kuchomelea kitu kwenye fremu yenyewe, maana mabomba ya baiskeli ni membamba na moto wa welding huyadhoofisha pale pale yalipounganishwa. Kwenye gurudumu la nyuma ndiko ujuzi wake unakoonekana zaidi. Huipindua baiskeli ikakaa juu ya tandiko na usukani, akazungusha ringi huku ameweka kidole karibu na ukingo wake, akasikiliza spoku gani inalia kwa sauti ya chini kuliko wenzake, kisha akaikaza robo mzunguko na kuilegeza ya upande wa pili. Gurudumu lililokazwa kwa usawa hugawa mzigo kwa spoku zote. Lililokazwa ovyo huziachia chache kazi nzima, nazo hukatika moja baada ya nyingine, hata ukiweka nondo kiasi gani juu yake.

Upande wa wilaya jirani ya Serengeti hesabu hubadilika. Kuelekea Natta na Robanda nchi imenyooka zaidi, na adui ni udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika. Udongo huo hunasa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu ligome kuzunguka, ndiyo maana wapo wanaoinua madigadi au kuyatoa kabisa. Mtu wa huko anaweza kubaki na meno 18 au 20 bila hasara. Kinyume chake, Tarime kuna mteremko baada ya kila mpando, na hapo breki za fimbo zina udhaifu unaojulikana: raba ikikutana na ringi ya chuma iliyolowa, nguvu ya kusimama hupungua sana. Kila kilo inayoongezwa kwenye keria inaongezwa pia kwenye mteremko. Anayeimarisha keria bila kubadilisha raba za breki amejiongezea hatari.

Kuna watakaouliza: kwa nini tusinunue baiskeli ya mtumba yenye gia 18 tukamaliza mjadala? Kwa anayepita lami ya Sirari bila mzigo mkubwa, huo ni uchaguzi mzuri. Kwa mwenye mzigo, kile kifaa cha kuhamishia mnyororo kinaning'inia karibu na ardhi, hupigwa na mawe, hupinda baiskeli ikianguka, na vipuri vyake si rahisi kupatikana kama gia ya kawaida. Wengine watasema bodaboda imeshamaliza kazi. Imechukua abiria kweli, lakini pikipiki hula mafuta hata siku ambayo mwenyewe hana shilingi. Pingamizi lenye uzito zaidi ni baiskeli ya Buffalo ya shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa 2005 na ambalo huunganisha baadhi ya baiskeli zake Kisumu: keria ya kilo 100, breki ya kurudisha pedeli nyuma, tairi nene za inchi 26. Hiyo ni kazi ya wahandisi, si ya fundi wa chini ya mwembe. Lakini mwaka 2023 wahandisi hao walipotoa toleo jipya, badiliko kubwa lilikuwa gia ya pili kwa ajili ya milima. Walikuwa wameshaimarisha chuma, na bado waliona mpandaji anakwama kwenye kilima.

Kwa hiyo unayejiandaa kumpelekea fundi baiskeli mpya, mpe kazi kwa utaratibu huu. Kwanza, kama uko Tarime, weka meno 22 nyuma. Kama uko Serengeti tambarare, 18 au 20 yanatosha. Pili, gurudumu la nyuma likazwe upya kabla halijabeba kitu. Tatu, raba za breki. Nne, keria inayofika kwenye eksli. Maandishi kwenye raba ya madigadi yaje mwisho, fedha ikibaki.