Barua kama Shajara: Mwandishi Chipukizi katika Petit Pays, Ikisomwa kutoka Gisenyi

Éric Barbier alipoigeuza riwaya ya Gaël Faye, Petit Pays (2016), kuwa filamu iliyotolewa mwaka 2020, Bujumbura ya riwaya iliigizwa Gisenyi, na Ziwa Kivu likasimama mahali pa Tanganyika. Ubadilishaji huo ni mlango mzuri wa kuiingilia riwaya yenyewe, kwani humo pia kitu kimoja hushika nafasi ya kingine: barua hufanya kazi ya shajara.

Gabriel, mtoto wa baba Mfaransa na mama Mnyarwanda aliyekulia ukimbizini Burundi, hana daftari la siri. Alicho nacho ni rafiki wa kalamu, Laure, mwanafunzi wa Orléans. Katika barua za mwanzo anajieleza kwa mzaha na kutaja ndoto yake ya kuwa makanika. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993, vita vinakaribia hadi mlangoni pake. Hatimaye, akiwa amelazimishwa kushiriki mauaji, anamwandikia Laure kwamba hautaki tena ufundi ule, kwa kuwa haoni kilichobaki cha kutengenezwa.

Ni rahisi kuziona barua hizi kama pumziko tu baina ya matukio. Makala haya yanadai kinyume: ukuaji wa Gabriel hupimwa zaidi kwa mtu anayemwandikia kuliko kwa mambo anayoyashuhudia. Ushahidi mkuu ni barua kwa Christian, binamu yake aliyeuawa Kigali katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Barua hiyo haina pa kupelekwa wala haingoji jibu. Hapo ndipo barua inapogeuka kuwa shajara kamili, na mtoto anapokuwa mwandishi.

Kwa upande mwingine yupo mama, Yvonne. Naye amebeba wafu walewale, lakini huwamimina usiku masikioni mwa bintiye mdogo, Ana. Simulizi yake inamjeruhi msikilizaji. Maandishi ya Gabriel hayamjeruhi yeyote. Hata hivyo, Faye haruhusu kalamu ishinde kirahisi. Mwishoni, Gabriel aliyekwisha kuwa mtu mzima anamkuta mamake Bujumbura, naye anamdhania kuwa Christian. Aliyemwandikia marehemu sasa anaitwa kwa jina la marehemu.

Kasoro ipo. Taswira za barua hizo mara nyingine humzidi umri mtoto huyu na kufichua sauti ya msanii aliyekomaa. Mtu anaweza kujibu kwamba msimulizi ni mtu mzima anayekumbuka, lakini utetezi huo hautoshi, maana barua zinaletwa kwa msomaji kama hati za utotoni.

Suala hili lina uzito Rubavu, wilaya inayopakana na Goma, ambako Kiswahili huvuka mpaka kila siku, na katika nchi iliyokifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Mwalimu anayewaagiza wanafunzi waandike kumbukumbu za familia zao hana budi kutafakari wanamwandikia nani. Insha itakayosahihishwa kwa kalamu nyekundu tayari ina msomaji ambaye kijana hakumchagua. Riwaya ya Faye inafundisha kwamba haki ya kumchagua msomaji, hata awe marehemu, ndiyo mwanzo wa uandishi.