Kupokelewa si Kukamilika: Uhakiki wa Usanidi wa Kazi Zisizosubiriwa katika Mifumo ya Java

DHIS2, mfumo uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo na kujengwa kwa Java juu ya kiunzi cha Spring, hupokea takwimu za MTUHA kutoka vituo vya afya vya Tanzania Bara, vikiwemo vya Ukerewe na Sengerema. Taarifa ya mwezi ikiingizwa huhifadhiwa papo hapo. Majedwali ya uchambuzi, hata hivyo, huundwa baadaye na kazi iliyopangiwa saa yake, mara nyingi usiku. Kwa hiyo Mganga Mkuu wa Wilaya anaweza kufungua chati jioni asiione taarifa ambayo kituo kina hakika kimeiwasilisha asubuhi. Hakuna aliyekosea, lakini lawama huanza.

Wataalamu wengi huuona utengano huu kuwa suala la kasi. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba ni suala la kuaminiana, linaloamuliwa na mistari michache ya usanidi ambayo mtumiaji haioni kamwe.

Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2009, Spring humruhusu mwandaaji programu kuweka alama ya @Async juu ya mbinu, nayo ikatekelezwa katika uzi mwingine huku aliyeiita akiendelea na shughuli zake. Urahisi huo una gharama. Kwa kawaida, mbinu ikiitwa kutoka ndani ya klasi yake yenyewe, alama hupuuzwa bila onyo. Mbinu isiyorudisha thamani ikishindwa, hitilafu haimfikii aliyeiita.

Zito zaidi ni foleni. Mifumo inayojengwa kwa Spring Boot huanza na nyuzi 8 na foleni isiyo na ukomo. Nyuzi za ziada huongezwa foleni inapojaa tu. Kwa kuwa hii haijai, nyuzi hubaki 8 hata msanidi akiandika kuwa zinaweza kufika 50. Waliovuka Kigongo–Busisi kwa kivuko, kabla ya daraja kufunguliwa Juni 2025, wataielewa picha hii: kivuko cha akiba kinangoja uwanja wa magari ujae, ilhali uwanja hauna mwisho. Tena foleni hukaa katika memori. Seva ikizimika ghafla, kazi zilizosubiri hupotea, ingawa wenyewe walikwisha kuambiwa zimepokelewa.

Ukomo una adha yake, maana foleni ikijaa kazi hukataliwa. Hata hivyo ipo sera ya kumrudishia mwita kazi aitekeleze mwenyewe: humchelewesha, lakini haimdanganyi.

DHIS2 ina nafuu hapa. Uingizaji wa data usiosubiriwa hurudisha kitambulisho cha kufuatilia matokeo. Lakini kitambulisho hicho humfaa mtaalamu, si mhudumu wa zahanati ya Ukara. Hata saa ambayo majedwali yaliundwa mara ya mwisho huonyeshwa katika ukurasa wa maelezo ya mfumo, ambao wahudumu hawana sababu ya kuufungua. Mahali pake ni kando ya chati.