Kiti na Jina: Juu ya Mwisho wa Kitabu cha Elizabeth Zott

Wenzetu waliokwisha kusoma kitabu cha Bonnie Garmus wamegawanyika juu ya mwisho wake. Wengine wanafurahi: mwovu amefukuzwa, mwanamke mwenye akili amepata kazi iliyomfaa tangu zamani. Wengine wanakunja uso. Wanasema ni mwisho wa hadithi za watoto, tajiri ameshuka toka mawinguni na mfuko wa fedha mkononi. Sisi tunaona kwamba hao wote wametazama pahali pamoja, yaani kiti alichopewa Zott, wala hawakutazama kitu alichoibiwa.

Kitabu kilitoka mwaka wa 2022 kwa Kiingereza, jina lake Lessons in Chemistry. Mwaka uleule kilitoka kwa Kifaransa, na wengi kwetu watakisoma katika lugha hiyo: La Brillante Destinée d'Elizabeth Zott. (Tuseme kwa kupita kwamba jina hili la Kifaransa linatuharibia kazi. Anayeandika juu ya jalada kwamba maisha ya mtu yatang'aa amekwisha kuuza mwisho mbele ya msomaji kufungua ukurasa wa kwanza.)

Habari yenyewe ni ya California, katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Elizabeth Zott ni mtaalamu wa shimi. Profesa wake alimshika kwa nguvu. Naye alipojitetea kwa penseli, yeye ndiye aliyepoteza nafasi ya masomo. Katika nyumba ya uchunguzi iitwayo Hastings, wanaume wanamwona kama mtumishi wa kuleta kahawa. Anapendana na Calvin Evans, mtaalamu mashuhuri, lakini anakataa kuolewa naye. Juu ya kukataa huko tungekuwa na mengi ya kusema, ila si leo. Tushike tu sababu aliyoitoa. Anaogopa kwamba akiolewa, kila kazi yake itahesabiwa kuwa kazi ya mume wake. Basi tangu mwanzo mashaka yake ni juu ya jina. Calvin anakufa, Elizabeth anaonekana ana mimba, anafukuzwa. Nyuma yake mkubwa wake, Donatti, anachukua uchunguzi wake juu ya asili ya uhai na kuuchapisha kana kwamba ni wake mwenyewe. Mama huyu anaishia kufundisha upishi katika televizyo, na kwa kisingizio cha sufuria anawafundisha wanawake elimu ya shimi.

Sasa tufike mwisho. Elizabeth anaacha televizyo. Anatokea Avery Parker, mama tajiri mwenye shirika kubwa la kutoa misaada, naye anajulikana kuwa mama mzazi wa Calvin. Shirika lake linaishika Hastings, Donatti anaondolewa, Zott anawekwa mkuu wa idara ya shimi.

Wanafunzi wetu wa theolojia ya maadili wanajua somo la kurudisha. Mtakatifu Tomaso wa Akwino amelitolea swali zima, la 62, katika sehemu ya pili ya Sehemu ya Pili ya Summa. Mwizi akipigwa, hajarudisha. Aliyeibiwa akipewa zawadi na mtu mwingine, bado hajarudishiwa. Tena Tomaso anahesabu hata jina jema kati ya vitu ambavyo aliyevinyang'anya sharti avirudishe. Tukipima mwisho wa kitabu kwa kipimo hiki, tunaona adhabu, tunaona na zawadi. Lakini zile kurasa zilizochapishwa kwa jina la mwingine? Mwandishi anakimbia haraka kufika kwenye kiti, wala hatulii juu ya jina, ingawa jina ndilo alilotufanya tuhangaikie tangu sura za kwanza.

Si kwamba fedha haziwezi kuingia katika hadithi. Ila tutazame miaka ileile na California ileile. Maria Goeppert Mayer alipata udaktari wake Göttingen mwaka wa 1930. Mume wake alikuwa profesa, na yeye alifanya kazi miaka mingi katika vyuo vya Marekani bila mshahara, au kwa mshahara mdogo wa kuonea haya. Uchunguzi wake juu ya kiini cha atomu aliutoa kwa jina lake mwenyewe, karibu na mwaka wa 1950. Kiti cha profesa chenye mshahara kamili alikipata mwaka wa 1960, huko San Diego, akiwa amepita miaka 50. Na mwaka wa 1963 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwake jina lilitangulia, kiti kikafuata kwa kuchelewa. Kwa Zott kiti kinakuja kwa ghafula, jina linaachwa nyuma. Na yule mama kati ya watazamaji wa televizyo, aliyesema anatamani kuwa daktari wa kupasua moyo, yeye hana Parker. Tungependa kukaa naye zaidi.

Lakini hatukubaliani na wanaotaka kumwondoa Parker kabisa. Katika habari yake ndipo mwisho huu unapokuwa na uzito. Alizaa akiwa msichana bila ndoa, akaambiwa mtoto amekufa. Baadaye alimtafuta mpaka nyumba ya yatima ya Wakatoliki katika Iowa, na Askofu mwenye kuisimamia akamwambia tena kwamba mtoto amekufa, kusudi apate fedha zake. Calvin alikuwa hai. Hapa wanawake wawili wanakutana: mmoja ameibiwa kazi, mwingine ameibiwa mtoto, na wote kwa neno la mtu mwenye cheo. Kwa Parker hakuna kurudisha, Calvin amekwisha kufa. Anampata mjukuu, Madeline, na mjukuu si mwana. Mwandishi hakujaribu kutudanganya juu ya hayo.

Kuna ndugu waliochukizwa na Askofu huyo. Sisi hatuoni masingizio. Tume ya Ireland iliyotoa ripoti yake mwezi wa Januari 2021 ilichunguza nyumba 18 za wamama wasioolewa na watoto wao, tangu mwaka wa 1922 mpaka 1998, ikakuta watoto wapata 9,000 walikufa humo. Na maaskofu wa kule waliomba msamaha. Lawama yetu ni nyingine: Askofu wa Garmus ni mwembamba mno. Anasema uongo kwa tamaa ya fedha tu. Wengi waliowatenganisha wamama na watoto wao walidhani wanatenda mema, wakasali usiku wakalala vizuri. Askofu wa namna hiyo angetutisha kweli, na Donatti naye angetutisha zaidi kama angaliamini kwamba kazi ya mwanamke ni mali ya idara.

Hata hivyo tunakisifu kitabu hiki, na tutakisoma tena. Tungeomba ukurasa mmoja tu mbele ya Zott kuingia katika laboratwari yake: Donatti ameketi mezani, anaandikia gazeti lile la wataalamu, anataja kazi ni ya nani. Mistari mitano ingetosha.