Nnu Ego Hana Marafiki

Karibu na mwisho wa The Joys of Motherhood, Nnu Ego yuko kwenye lori, anatoka Lagos kurudi kwao Ibuza. Mumewe, Nnaife, amefungwa jela. Oshia, mwanawe mkubwa, yuko Marekani. Dereva anaanza kumpa maneno: wanaume ndio hutoka jasho, sifa zikawaendea wanawake, na mama mwenye mtoto Marekani lazima ana pesa. Nnu Ego hamjibu. Haoni haja.

Nilisoma ukurasa huo ndani ya matatu nikafunga kitabu. Mamangu naye huambiwa hivyo hivyo huko nyumbani: mtoto wako yuko Nairobi, wewe sasa ni kula tu. Hawajui mtoto mwenyewe aliacha chuo mwaka wa tatu, na makala anazoandika hulipwa baada ya miezi mitatu, zikilipwa.

Riwaya hii ya Buchi Emecheta ilitoka mwaka wa 1979, na wengi huisoma kama hadithi ya wana wasio na shukrani. Ni kweli, wapo. Oshia haandiki barua. Kwamba ameoa mzungu, mamake anasikia kwa uvumi. Adim anakwenda Kanada, naye kimya. Mama anaanza kuchanganyikiwa, hadi usiku mmoja analala kando ya barabara akidhani amefika nyumbani, akafia hapo. Wana wanarudi kumfanyia mazishi ya kukata na shoka, na Oshia anakopa pesa atakazolipa kwa miaka mitatu. Hapo Mkenya hahitaji kuelezwa. Tumeshachanga kwa M-Pesa kununua jeneza la bei kuliko nyumba aliyoishi marehemu.

Lakini kuna lawama nyingine, ambayo Emecheta anaidondosha pale pale kwenye kifo kama kitu kidogo: huyu mama hakuwa na mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu hakuwahi kupata nafasi ya kutafuta marafiki. Alikuwa akizaa, akiuza sigara na kuni, akisaka karo. Ukirudi nyuma utaona dalili. Kuna siku mgeni wa Adaku, mke mwenziwe, anapiga hodi na Nnu Ego anakataa kumfungulia. Wivu tu. Wanaume wa kwao wanaoitwa kuamua kesi wanamgeukia Adaku, eti hana mtoto wa kiume, hana la kusema. Adaku anafunga virago. Anajitafutia pesa, anasomesha mabinti zake, na watu wanamsema. Nnu Ego anabaki na heshima yake, na chumba ambacho hakuna anayekuja kukitembelea.

Ugomvi wangu na Emecheta ni huu: maisha ya Nnu Ego baada ya watoto kuondoka yanapewa kurasa chache tu za sura ya mwisho. Mimba zake tumezifuata moja moja. Sasa nyumba imekuwa kimya, kitu ambacho hajawahi kuishi nacho, na mwandishi ana haraka. Asubuhi aliamka kufanya nini? Alipika chakula cha watu wangapi, mkono ukiwa umezoea sufuria kubwa? Hatuambiwi. Anauawa upesi, na naona kifo hicho kinaisaidia hoja ya kitabu kuliko kinavyomsaidia yeye. Kisha anajengewa mahali pa kuombea watoto. Wanawake wanakuja kuomba uzazi na yeye anakataa kuwapa. Hapo nilicheka peke yangu, manze. Hata kaburini wamempa kazi ile ile.

Mwaka jana kitindamimba wetu alipohama, mamangu alibaki peke yake. Mwanzoni alinipigia kila jioni kuuliza nimekula nini, na mimi, kusema kweli, mara nyingine niliiacha simu ikilia. Siku hizi ana kwaya, ana chama cha Alhamisi, ana jirani wa kwenda naye sokoni. Wiki jana nilimpigia mara tatu hakushika. Niliumia, mimi niliyesoma kitabu chote hicho nikimlaumu Oshia. Mara ya nne alishika, nyuma yake watu wanacheka.

"Nitakupigia," alisema, "niko na wageni."

Bado nangoja.