Kuzindua au Kusimika? Neno la Kutajia Ibada ya Hekalu la Kihindu

Magazeti yetu yana neno moja kwa kila jambo jipya: kisima kimezinduliwa, barabara imezinduliwa, na hekalu la Wahindu nalo limezinduliwa. Kwa kisima na barabara sina ugomvi. Kwa hekalu neno hili laficha kiini cha jambo lenyewe, na mwalimu awafundishaye watoto habari za jirani zao hawezi kuliacha lipite.

Ibada yenyewe kwa Kisanskriti huitwa prana pratishta. Prana ni pumzi ya uhai. Pratishta ni kuweka kitu kikae imara mahali pake. Desturi zatofautiana, lakini mara nyingi huwa hivi. Sanamu iliyotoka kwa mchongaji haiabudiwi bado, ni jiwe. Hulazwa katika maji, kisha katika nafaka, kisha kitandani kama mtu apumzikaye. Makuhani huwasha moto, hutia humo samli na nafaka, wakisoma maneno matakatifu na kumwomba Mungu aje akae. Mwisho hufumbuliwa macho, pengine kwa kijiti cha dhahabu, na mbele yake huwekwa kioo, ili mtazamo wa kwanza uangukie kioo, usimwangukie mwanadamu. Tangu saa hiyo hutendewa kama bwana aliye hai nyumbani mwake: huamshwa, huogeshwa, huvikwa, huandaliwa chakula, na usiku hulazwa.

Ibada ya namna hii ndiyo aliyoifanya Pramukh Swami Maharaj mjini Nairobi, Agosti 1999, katika hekalu la Waswaminarayan lililojengwa kwa mawe ya manjano ya Jaisalmer, India. Aliyesoma tu kwamba “limezinduliwa” angedhani utepe ulikatwa, mgeni wa heshima akahutubu, watu wakaenda zao.

Nilitaka kulitetea neno hilo, kwani asili yake ni kumshtua aliyelala au aliyezimia hata apate fahamu, na hapa macho hufumbuliwa kweli. Lakini azinduliwaye alikuwa na uhai tangu hapo. Jiwe halikuwa nao.

Tena liko ndugu yake, kuzindika. Huku kwetu Kang'ata, katika Uzigua, asikiaye habari za moto na samli na maneno yasiyofahamika husema mara moja, “Kumbe Wahindi nao huzindika nyumba.” Sivyo. Zindiko lazuia, pratishta yakaribisha. Mwenye zindiko akisha kuzika dawa yake mlangoni hulala usingizi. Mwenye hekalu ndiyo kwanza aanza kazi, kwani amepokea mgeni asiyeondoka.

Wengine hawasumbuki na neno lo lote. Husema, “Waabudu mawe,” basi. Na waitazame sikukuu ya Ganesha: sanamu ya udongo hukaribishwa siku chache, kisha aliyealikwa huagwa, na udongo huzamishwa majini. Asiyetofautisha udongo na mgeni wake angewezaje kufanya hivyo? Wala Wahindu wenyewe hawakubaliani wote. Dayananda Sarasvati, aliyeanzisha Arya Samaj huko Bombay mwaka 1875, aliikataa ibada ya sanamu, na wafuasi wake walikuwa na chama Nairobi tangu 1903.

Basi tusemeje? Mimi nashika kusimika. Twasimika nguzo, na askofu husimikwa katika kiti chake. Neno lachukua uthabiti wa nguzo pamoja na heshima ya cheo, nalo lalingana vema na pratishta. Prana tuiite pumzi, tusiiite roho, maana watoto watauliza kama ni pepo aliyetiwa jiweni. “Kusimika pumzi ya uhai” ni maneno marefu kwa kichwa cha gazeti, lakini darasani yatoshea. Na mtoto aliyeyasikia, apitapo mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, atajua kwa nini mtu huvua viatu mlangoni na kugonga kengele kabla ya kusogea mbele.