Feni Iliyozidi Hema

Hema la nailoni lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2 lina hewa ya mita za ujazo 12. Ukitaka hewa hiyo ibadilike mara 5 kwa saa, na kwa uyoga mamama kiwango hicho kinaridhisha, unahitaji mita za ujazo 60 kwa saa. Mkulima mmoja wa pembezoni mwa Omurushaka, wilayani Karagwe, alifunga feni ya bomba ya milimita 150, aina ambayo kwa kawaida husukuma mita za ujazo 300 hadi 500 kwa saa. Kelele zilizomgombanisha na majirani zilianzia kwenye hesabu hiyo, ingawa lawama zote ziliangukia mota.

Hema lenyewe ni la kienyeji: fremu ya mirunda, nailoni ya kuezekea vitalu, limesimamishwa ndani ya stoo ya matofali iliyo nyuma ya nyumba. Mifuko ya uyoga imejazwa maganda ya kahawa na majani makavu ya migomba, vitu ambavyo Karagwe na wilaya jirani ya Kyerwa havikosekani. Stoo inazuia nzi, na nailoni inatunza unyevu wakati wa kiangazi cha Juni hadi Agosti. Tatizo ni kwamba uyoga hupumua kama sisi: huvuta oksijeni na kutoa kaboni dioksidi. Gesi hiyo ikipanda kupita sehemu 1,000 hivi katika milioni, mamama huanza kurefusha kikonyo na kudumaza kofia, na mnunuzi anatafuta kofia. Kwa hiyo hewa lazima iingie, usiku na mchana.

Mchana hakuna aliyelalamika. Omurushaka ina bodaboda, redio na mashine za kukoboa. Feni moja haisikiki. Ikifika saa nne usiku, kila kitu kinatulia isipokuwa stoo ile. Jirani aliuliza kwa adabu tu: "Mama, hiyo mashine yako hulala saa ngapi?" Hata Kanuni za Viwango vya Udhibiti wa Kelele na Mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, zinatofautisha mchana na usiku, kwa sababu hiyohiyo.

Hatua ya kwanza ya mama huyo ilikuwa ile ambayo karibu kila mtu angeichukua: kuifunika feni kwa blanketi kuukuu. Mota ikapata joto, sauti ikabaki palepale. Blanketi haliwezi kuzuia sauti inayotoka kwa njia tatu kwa pamoja, yaani kupitia bombani pamoja na hewa, kupitia ganda la feni, na kupitia misumari iliyoishika feni kwenye boriti. Ukiziba moja, mbili zinaendelea na kazi.

Fundi aliyeitwa alianza kwa kuzima feni na kuifungua. Mapanga yalikuwa yamevaa unga mweupe uliogandamana, mwingi zaidi upande mmoja. Ni spora. Mamama iliyokomaa humwaga spora kwa wingi wa kushangaza, na feni ilikuwa imefungwa upande wa kutolea hewa, kwa hiyo spora zote zilipita kwenye mapanga. Uzito ukiegemea panga moja, feni inayozunguka mara 2,500 kwa dakika hupiga kishindo mara 42 hivi kila sekunde, na kishindo hicho hushuka kwenye beringi. Kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kiliondoa mtetemo mkubwa kuliko kitu kingine chochote kilichofanywa siku ile, bila gharama. Hapo niseme kwa mkato: unga huo usafishwe mtu akiwa amevaa barakoa, kwa sababu kuuvuta kila siku huweza kuwaletea wafanyakazi wa uyoga kikohozi, homa na mzio wa mapafu unaorudiarudia.

Kisha feni ikahamishwa. Badala ya kuvuta hewa chafu kutoka ndani, ikawekwa upande wa kuingizia, isukume hewa safi kupitia kichujio. Wanaolima mimea chini ya taa hufanya kinyume, wanavuta, maana shida yao ni joto na harufu. Kwenye uyoga shida ni gesi na vimelea, na kusukuma kuna faida mbili: hewa ya ziada hutoka kwa kupenya kwenye matundu ya nailoni, kwa hiyo vumbi na nzi hawaingii kwa kupitia hapo, na feni inakaa kwenye hewa kavu isiyo na spora.

Sasa mwendo, na hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Kanuni za feni ni za zamani na hazina upendeleo. Ukipunguza mzunguko kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, msukumo unabaki robo, na nguvu inayotumika inabaki moja ya nane. Kelele nazo hushuka kwa takriban desibeli 15, na sikio la binadamu huhesabu upungufu wa desibeli 10 kama sauti kupungua nusu. Hakuna godoro wala sanduku litakalokupa desibeli 15 kwa bei ya regileta ya kupunguzia mwendo. Zaidi ya hayo, mlio wenyewe unabadilika. Feni ya mapanga 7 kwenye mizunguko 2,500 hutoa mlio wa hezi 290 hivi. Kwa nusu mwendo unashuka hadi karibu 145, ambako sikio letu halisikii kwa ukali uleule. Mama alikuwa anaendesha feni kwa kasi yote kwa ajili ya hema lililohitaji sehemu ndogo tu ya hewa ile, na hewa ya ziada ilikuwa ikimkaushia uyoga. Alikuwa akinyunyizia maji mara nyingi kwa siku ili kufidia kazi ya feni yake mwenyewe.

Regileta gani, hilo si dogo. Zile ndogo za kisasa, sawa na za kupunguzia mwanga wa taa, hukatakata umeme, na mota nyingi za feni hujibu kwa kuunguruma kwa hezi 100, mara mbili ya hezi 50 za umeme wetu. Unaondoa upepo unaleta ngurumo. Regileta kubwa ya zamani ya feni ya dari, ile nzito yenye koili ndani, inashusha volti bila kukatakata, na mota inabaki kimya. Fundi aliipata kwenye vitu chakavu.

Bomba lilifuata. Feni ya milimita 150 ilikuwa imeunganishwa na bomba la PVC la inchi 4, kwa kuwa ndilo linalopatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Mita za ujazo 300 kwa saa zikibanwa kwenye kipenyo cha milimita 100 zinakwenda zaidi ya mita 10 kwa sekunde, na kona ikiwa imegusana na mdomo wa feni, hewa inafika kwenye mapanga ikiwa imevurugika. Ule mluzi mwembamba uliosikika hadi barabarani ulitoka hapo. Mwendo uliposhuka, bomba lilelile likatosha, mradi tu kona iondolewe na kipande kilichonyooka kiwekwe kabla ya feni.

Kuning'iniza ndiyo kazi iliyofanywa kwa uzuri zaidi, kwa maoni yangu. Feni ilikuwa imepigiliwa kwenye boriti inayobeba mabati, na mabati yaliyokazwa kwenye boriti inayotetemeka ni ngoma. Ikatolewa, ikaning'inizwa kwa mikanda iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, na kati ya feni na PVC kikawekwa kipande cha tyubu ya gari kilichobanwa kwa waya pande zote mbili. Mikanda isikazwe sana: mpira uliovutwa hadi mwisho hupitisha mtetemo kama kamba. Feni ikiguswa kwa kidole inapaswa kuyumba.

Sanduku la kunyamazisha lililojazwa sponji ya godoro ndilo ambalo watu hupenda kulitengeneza kwanza. Hapa lilitengenezwa mwishoni, na mchango wake ulikuwa mdogo. Sponji ya sentimita 5 inameza vizuri sauti nyembamba. Ngurumo ya hezi 100, ambayo wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 3, inapita kana kwamba hakuna kitu. Sponji pia hushika moto upesi, kwa hiyo ikae mbali na mota, na isiwekwe kamwe upande wenye unyevu kwani itaota ukungu.

Kimebaki kitu kimoja kinachosumbua: usiku wa manane, watu wengi wakiwa wamezima vifaa vyao, volti ya umeme kijijini hupanda na feni huongeza mwendo kidogo yenyewe. Mama huyo sasa hushusha regileta hatua moja kabla ya kulala.

Anayeanza upya leo, tuseme Nkwenda au Murongo kule Kyerwa, asipitie njia yote hiyo. Kwa hema la mita za ujazo 12, feni moja au mbili za kompyuta za milimita 120, zinazotumia volti 12 na wati chache, zitaendeshwa na betri ya sola usiku kucha. Udhaifu wake ni kwamba hazina msukumo: ukizifunga nyuma ya kichujio kidogo cha upana wa bomba, hewa haipiti. Dawa ni kupanua kichujio. Fremu ya mbao ya sentimita 40 kwa 40 ina eneo mara 20 ya mdomo wa bomba la milimita 100, hivyo hewa inapita kwenye kitambaa polepole mno kiasi cha kutokuwa kizuizi, na feni ndogo inamudu.