Tupatane Archives

Kuna aina moja ya picha za tao ambazo zimenichosha. Mpiga picha anasimama barabarani, anainua kamera hadi ghorofa ya kwanza na kukata kila kitu kilicho chini. Unabaki na dirisha, nguzo mbili, lipu iliyobambuka, na anga. Rangi zote zimetolewa, eti ndiyo historia ionekane. Kisha maneno: "Nairobi ya zamani." Kilichokatwa ni duka. Bango la kijani la M-Pesa, kava za simu, sanamu za plastiki zilizovalishwa jinzi, na yule jamaa wa "karibu kastoma, ndani kuna saizi zote".

Matembezi ya kuangalia majengo yana ugonjwa huohuo. Nimeenda machache, yale ya bure, na ushauri wa kwanza huwa ni kuinua macho. Si ushauri mbaya. Tatizo ni kwamba wengi wakishayainua hawayashushi tena.

Chukua Kipande House, pale Kenyatta Avenue. Lilijengwa 1913, na ukisikia likisifiwa, husifiwa mawe yake. Sawa, mawe ni mazuri. Lakini jina? Kipande ni kile cheti ambacho mwanaume Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho kuanzia karibu na 1920, kikiwa kwenye kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Jina hilo halina harufu ya msanifu wala ya tajiri. Ni jina la foleni. Leo humo ndani ni benki, kwa hivyo foleni bado ipo.

Odeon nayo ilikuwa sinema, Latema Road. Muulize leo mtoto aliyezaliwa 2005, atakuambia Odeon ni steji. Hakuna sheria iliyolilinda jina hilo. Limelindwa na makanga, kila siku, kwa sauti iliyokauka.

Ndiyo maana napenda Biashara Street kuliko majengo yote yenye vibao vya shaba. Reli ilifika hapa 1899, na maduka ya Wahindi yakafuata mara moja. Mwaka 1902 ugonjwa wa tauni ulipozuka, wakubwa wakaamua dawa ni moto, na soko zima la Wahindi likachomwa. Watu wakajenga tena, wakafungua tena. Mtaa uliokuja kuitwa Bazaar Street ndio baada ya uhuru ukawa Biashara. Sasa pita pale asubuhi: leso, vikoi, sare za shule, nguo za watoto wachanga. Kuna duka maarufu, Haria's Stamp Shop, ambalo jina lake linasema stempu na sifa yake ni leso. Mimi sihitaji maandishi mengine ya historia. Duka limebadilisha kazi, bango likabaki, na wateja wala hawashangai.

Ukishuka kuelekea River Road, mambo ni ya kubanana zaidi. Duka moja la zamani limekatwa kwa mbao na vioo likawa maduka kumi na mawili, ndizo hizo tunaziita eksibishoni. Wapenda majengo huziona kama uharibifu. Nilipoacha chuo niliuza viatu kwenye moja, upana wake mikono yangu miwili ikinyooshwa. Mama niliyemfanyia kazi alikuwa amelipa gudwili kubwa kupata nafasi ile, pesa isiyo na risiti. Siku moja mwenye jengo akaleta notisi: wote watoke, jengo linarudishiwa sura yake ya awali. Gudwili haikurudi. Viatu tulivibeba kwa magunia usiku, na yule mama sasa anauza kando ya barabara, akichungulia kanjo kila dakika.

Jengo lilipakwa rangi ya krimu. Limependeza, siwezi kudanganya. Nimeliona kwenye simu yangu mara mbili, ghorofa ya kwanza peke yake, nyeusi na nyeupe.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa la kulindwa. Ni sheria muhimu. Bila ulinzi kama huo mabati na kreni vingekuwa vimeshafika kwenye majengo mengi. Lakini ukuta ukilindwa na kodi ikapanda mara tatu, tumehifadhi nini? Ganda. Nani aliandika lile bango kwa mkono, alilipwa ngapi, duka lilikuwa la nani kabla yake: hayo hayaingii kwenye gazeti rasmi la serikali, na wanaoweza kuyaandika wamesimama barabarani wakipiga picha za anga.

Hata jengo la Kumbukumbu za Taifa lilianza kama benki. Ndani kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais. Wengi wetu hatujawahi kuingia, lakini "tupatane Archives" tumeisema maisha yetu yote. Nenda Ijumaa saa kumi na moja jioni uone waliosimama mbele yake: mwenye maua, mwenye deni, mwenye begi la kuhamia, dada anayesema kwenye simu, "Niko hapa nje, nimevaa koti nyekundu." Piga picha hiyo, na uiache na rangi zake.